Tulisifu Rangi ya Mtoto, Kumbe Ni Ugonjwa

Wacha nianze kwa kukiri. Mtoto wa sista yangu alipozaliwa, kitu cha kwanza nilichoangalia ni masikio. Mnajua hiyo stori. Kila mgeni anasogeza kofia aone ncha ya sikio, eti hapo ndipo rangi ya kweli imejificha. Shangazi akatoa hukumu: huyu atakuwa mweusi kama sisi.

Siku ya tatu akabadilisha maneno. "Kumbe ameangukia kwa babake. Ona vile anang'aa!" Tukacheka, nikapiga picha. Hakuna aliyeuliza mbona mtoto wa kung'aa hivyo analala tu, hata titi linamshinda.

Mathe ndiye aliyesema twende hospitali. Nesi hakuangalia masikio. Alibonyeza kidole gumba kwenye paji la uso la mtoto, akakiinua haraka. Kwa sekunde moja, kabla damu haijarudi, nikaona manjano. Akaleta kifaa kama tochi ndogo, akakigusisha kifuani, kikamulika mara moja na kutoa namba. "Hii ni dokezo," akasema. "Damu ndiyo itasema." Akamdunga kisiginoni. Jioni hiyo mtoto alikuwa chini ya taa za bluu, macho yamefunikwa, na sista yangu amekaa kando analia kimyakimya.

Nilirudi nyumbani nikasoma mpaka saa nane usiku, kwa sababu ile tochi ilinisumbua. Inajuaje kilicho chini ya ngozi?

Iko hivi. Ngozi ni tabaka juu ya tabaka. Juu kuna melanini, chini yake kuna damu yenye himoglobini, na manjano yenyewe, bilirubini, imejikusanya huko ndani. Zote hufyonza mwanga wa bluu, kwa hivyo jicho linaona jumla tu. Mwanga ukiingia unatawanyika, unagongana huku na kule, na sehemu yake inarudi nje. Uliorudi mapema umepita juu juu. Uliorudi umbali kidogo kutoka ulipoingilia umezama zaidi. Kuna aina ya kifaa inayopima zote mbili na kutoa tofauti. Ni kama mama mboga anayepima maharagwe ndani ya karai, kisha anatoa uzito wa karai. Karai hapa ni ngozi ya juu. Kidole cha nesi kilisukuma damu kando; kifaa kinafanya hesabu hiyo kwa mwanga.

Lakini karai haliondoki lote. Kwa watoto weusi, tafiti, zikiwemo za Nigeria, zimeonyesha kuwa vifaa hivi mara nyingi husoma juu kuliko damu. Hapo kosa linakuletea sindano ya ziada. Kile kifaa cha kubana kidole kupima oksijeni hukosea upande mbaya. Utafiti wa Marekani wa Desemba 2020 uliangalia wagonjwa waliosomwa asilimia 92 hadi 96, yaani wako sawa. Damu ilipopimwa, karibu 12 kati ya kila vipimo 100 vya wagonjwa weusi vilikuwa chini ya 88. Kwa weupe, karibu 4.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Tuache kuogopa kuuliza: "Hiki kifaa kimejaribiwa kwa ngozi kama yetu? Damu itapimwa?" Si ujeuri. Hata nesi wetu, baada ya taa kuwashwa, alirudi kisiginoni, kwa sababu taa hufifisha manjano ya ngozi kabla ya ile ya damu.

Ila kosa kubwa halikuwa la mashine. Zaidi ya nusu ya watoto hupata manjano kidogo wiki ya kwanza, na wengi hupona. Ikipanda sana huharibu ubongo, na hiyo hairudi. Sisi tulikuwa na macho kumi chumbani, yote yanatafuta weupe.

Mtoto alitoka baada ya siku mbili. Sasa ana miezi mitano na ni mweusi tititi, kama masikio yalivyosema. Ukienda kuona mtoto wiki hii, angalia weupe wa macho yake na ufizi mchana, penye mwanga. Uliza kama ananyonya. Ukiona manjano, usingoje jua la asubuhi. Beba mtoto, nenda.