Kitufe ni cha Nani?

Ctrl, Alt na L. Ukiandika kodi kwa IntelliJ, vitufe hivyo vitatu vikibonyezwa pamoja vinapanga upya mistari yako. Nafasi zinakaa sawa, mabano yanajipanga, faili inaanza kuonekana kama ya mtu aliyelala vizuri. Ukiwa kwa Linux Mint, ile yenye deskitopu ya Cinnamon, vitufe hivyo hivyo vinafunga skrini. Sasa fungua IntelliJ ndani ya Mint, ubonyeze. Nani anashinda?

Deskitopu. Karibu kila mara ni deskitopu. Ulitaka kodi nadhifu, skrini inazima na kukuomba neno la siri, kama soldier wa geti ambaye umempita mara kumi tangu asubuhi na bado anataka kuona kitambulisho.

Naishi kwa mashine mbili. Mchana niko ofisini Westlands, kwa Ubuntu inayotumia GNOME. Usiku niko kejani Kangemi na laptopu ya ex-UK niliyonunua Moi Avenue, ndiyo yenye Mint. GNOME inafunga skrini kwa Super na L (Super ni kile kitufe chenye alama ya Windows, hata kama Windows yenyewe huna). Cinnamon ikiona Super na L inafungua kitu kinaitwa Looking Glass, dirisha la watengenezaji la kuchungulia matumbo ya deskitopu, ambalo sijawahi kulihitaji hata siku moja. Vidole havijui vimefika Kangemi. Vinashuka stage na tabia za Westlands.

Msee wa meza ya pili ofisini aliniuliza, “Si utumie tu mausi?” Swali la haki. Ukibonyeza mara tano kwa siku, tumia mausi. Lakini kuna kazi ambayo mikono haiwezi kuondoka kwa kibodi, na mimi ninayo moja, nitaifikia.

Ugomvi wenyewe una umri. Mwaka wa 1987 IBM ilitoa kanuni ilizoziita CUA, zikitaka programu zote zifanane mkononi. Alt na F4 ya kufunga dirisha ni ya huko. Mwaka huo huo X11 ilitoka MIT, na ndiyo bado inachora madirisha kwa Mint yangu. Wakati huo kitufe chenye alama ya Windows hakikuwepo. Kilikuja 1994 na kibodi ya Microsoft iliyoitwa Natural. Kwa hivyo kwa miaka hiyo yote deskitopu na programu zilikuwa zinakula sahani moja: Ctrl, Alt, Shift, basi. Deskitopu ikachukua Ctrl na Alt na mishale ya kulia na kushoto kuhama kutoka uwanja mmoja wa kazi hadi mwingine. IntelliJ nayo ikachukua hiyo hiyo kukurudisha pale ulipokuwa kwenye kodi. Alt na F7 kwa deskitopu ni kusogeza dirisha. Kwa IntelliJ ni kutafuta mahali pote ambapo jina fulani limetumika. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja alipanga nyumba yake bila kujua jirani anajenga ukuta hapo hapo.

Na hakuna rejista. Hicho ndicho kinachonishangaza mpaka leo. Cinnamon ikiona unaipa kazi mpya njia ya mkato ambayo tayari inaitumia, inakuonya. IntelliJ pia inakuonya kuhusu zake. Lakini kila moja inasoma daftari lake tu.

Chini ya X11 sheria ni ya stage: aliyefika kwanza ndiye anapakia. Programu inaweza kuomba ishike mchanganyiko fulani wa vitufe, dirisha lolote liwe mbele. Ikishapewa, mwingine akiuomba huo huo anarudishiwa kosa linaloitwa BadAccess. Deskitopu inaamka kabla ya programu zako zote, kwa hivyo imeshachukua inachotaka wakati wewe bado unachemsha chai. IntelliJ hata haiombi. Inangoja vitufe vitakavyofika kwa dirisha lake, na vile vilivyokamatwa njiani haitawahi kusikia habari zao.

Kumjua aliyekamata si ngumu. Fungua teminali, andika xev, kadirisha keupe kanatokea. Bonyeza vitufe unavyoshuku. Kama ni huru, teminali itaandika KeyPress na jina la herufi. Kama vimeshikwa, KeyPress ya ile herufi ya mwisho haiji. Unaona FocusOut na neno NotifyGrab, yaani kuna mtu amenyakua kibodi kwa sekunde hiyo. Nilifanya hivyo na kila njia ya mkato niliyoitegemea, nikaandika kwa karatasi. Halafu nikaingia kwa mipangilio ya kibodi ya Mint nikaanza kuhamisha watu. Looking Glass nikaitoa kabisa. Kufunga skrini nikakupeleka Super na L, kama ofisini. Mishale ya Ctrl na Alt nikaiachia IntelliJ, na viwanja vya kazi nikavipa Super na PageUp, Super na PageDown.

Kanuni niliyobaki nayo ni hii: Super ni ya deskitopu, Ctrl ni ya programu, na Alt ni shamba lenye kesi kortini. Kila nikiweka kitu kipya nauliza kwanza ni kazi ya nyumba nzima au ya chumba kimoja.

Teminali ndiyo imekataa kuingia kwa kanuni yangu. Ctrl na C huko inaua programu inayoendelea, na ilikuwa inafanya hivyo kabla hatujazoea kuitumia kunakili. Kwa hivyo teminali inanakili kwa Ctrl, Shift na C. Sasa zoea hiyo, halafu nenda kwa Firefox au Chrome ubonyeze ukitaka kunakili aya moja: zana za watengenezaji zinafunguka nusu ya skrini. Hapa sijashinda. Nimeamua kuishi hivyo.

Sasa ile kazi.

Shosho wangu anaishi Kinoo, mwendo mfupi wa mathree kutoka kwangu. Alikuwa msichana mdogo hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, na alikuwa kwenye vile vijiji ambavyo Wagĩkũyũ walilazimishwa kuhamia kuanzia 1954. Mwaka jana aliniambia anataka niandike. Hakutaka kitabu. Alitaka karatasi ya kuwekwa nyumbani, yenye majina. Ndugu zake wawili walifariki kipindi hicho wakiwa watoto. Hawana cheti cha kuzaliwa wala cha kifo, hawana picha. Aliye hai na anayekumbuka walivyoitwa ni yeye peke yake. Nikamrekodi kwa simu, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka nikawa na saa kumi na moja za sauti.

Alinipa sharti moja: majina yaandikwe jinsi yanavyotamkwa.

Gĩkũyũ kina irabu saba. Kuna i na kuna ĩ, kuna u na kuna ũ, na si mapambo. Sikio la Kiswahili linasikia ĩ kama iko karibu na e, na ũ kama iko karibu na o. Vitambulisho vyetu vingi havina alama hizo, na tumezoea kiasi kwamba watu wa rika langu wengi hawajawahi kuandika majina yao wenyewe kamili. Ngũgĩ wa Thiong’o aliandika Caitaani Mũtharabainĩ kwenye karatasi za choo akiwa kizuizini Kamĩtĩ, ikachapishwa 1980. Angalau kalamu haina njia za mkato.

Jina la mmoja wa wale watoto lina ũ mbili. Sitaliandika hapa, ni la familia.

Njia ya kwanza niliyoijua ilikuwa Ctrl, Shift na U, halafu namba: 0169 ni ũ, 0129 ni ĩ. Inafanya kazi katika programu nyingi za Linux. Ofisini, saa ya lunch, nilikuwa natumia hiyo kuandika dakika chache za Shosho. Lakini Ctrl, Shift na U kwa IntelliJ ndiyo ya kugeuza herufi ndogo kuwa kubwa, na kwa Ubuntu kuna IBus, programu inayosimamia uandishi wa lugha mbalimbali, inayoichukua mapema. Nikirudi kwa kodi, herufi hazigeuki, inatokea tu kau kaliopigiwa mstari kakingoja namba. Ya lugha ya Shosho na ya mwajiri zilikuwa zimekalia kiti kimoja. IBus inakubali kuhamishwa (fungua ibus-setup, sehemu ya Emoji, utaipata hapo), nami nikaihamisha. Lakini ukweli ni kwamba hakuna mtu anaandika saa kumi na moja za hadithi kwa namba nne kila irabu.

Na kibodi yangu ni ya Uingereza. Wale waliowahi kununua ex-UK wanajua: @ iko mahali pa alama za kunukuu, alama za kunukuu ziko juu ya 2, na juu ya 3 kuna £, pesa ambayo Kangemi hakuna dukani inapopokelewa. Bado nilikuwa na bahati. Jirani yangu alipata laptopu iliyotoka Ujerumani. Z na Y zimebadilishana, kwa hivyo mkono ukienda pale ulipozoea kutengua kosa unabonyeza kitu kingine kabisa, na @ inapatikana kwa AltGr na Q. Windows nayo inaichukulia AltGr kama Ctrl na Alt pamoja. Ikitokea programu yenye njia ya mkato ya Ctrl, Alt na Q, hawezi kuandika anwani ya barua pepe.

Mint ina mpangilio wa Kikuyu kwenye orodha yake, chini ya Kenya. Nilifurahi kuuona. Sikuuchagua, kwa sababu naandika Gĩkũyũ, Kiswahili na kodi ndani ya saa moja, na kubadilisha mipangilio kunahitaji njia ya mkato nyingine, na nimeshachoka na njia za mkato. Nilichagua Compose. Unateua kitufe kimoja, mimi nilitoa CapsLock, ambacho kazi yake ilikuwa kupiga kelele tu. Bonyeza CapsLock, acha. Bonyeza ~, acha. Bonyeza i. Unapata ĩ. Uzuri wake ni kwamba vitufe vinafuatana badala ya kushikwa pamoja, kwa hivyo hakuna programu inayovigombania. Na ~ kwa kibodi ya Uingereza iko kando ya Enter, mahali kidole kinafika bila kuhangaika. Basi £ nimeisamehe.

Iliyobaki ni sauti. Kuandika kutoka kwa rekodi ni hivi: sikiliza sekunde nne, simamisha, andika, rudi nyuma, sikiliza tena. VLC inacheza sauti, LibreOffice iko mbele, na ukienda kwa VLC kila mara utamaliza ukiwa na miaka sabini. Nilifikiria vitufe vya F, lakini LibreOffice imevijaza: F5, F7, F8, F11, kila kimoja kina mwenyewe. Hapa ndipo deskitopu kushinda kila mara kulinifaa. Nikaweka programu ndogo inayoitwa playerctl, nikaiambia Cinnamon kwamba Super na J ni “playerctl play-pause”, na Super na H ni “playerctl position 5-”, yaani rudi sekunde tano. Dirisha lolote likiwa mbele, Cinnamon inasikia kwanza na VLC inatii. Ofisini nilitumia mbinu hiyo hiyo. Ubuntu yangu iko kwa Wayland, ambako programu haiwezi kujinyakulia vitufe vya mashine nzima hata ikitaka, na nadhani ni sawa, kwa sababu X11 inaruhusu programu yoyote isikilize kila unachoandika, maneno ya siri yakiwemo.

Ilinichukua miezi mitatu. Kuna mahali Shosho anataja jina la mtoto, anakohoa, halafu analirudia polepole kwa sababu aliona sikulishika. Nimebonyeza Super na H hapo sijui mara ngapi.

Kurasa zilikuwa arobaini na mbili. Nikazigeuza PDF, nikapeleka cyber iliyo karibu na stage, jamaa akafungua, akavuta miwani chini.

“Hizi alama juu ya u ni za nini, madam? Printa yangu haijaharibika?”

“Ziko sawa.”

“Naweza kukutolea, ni dakika tu.”

“Wacha hivyo. Toa kopi tano, na uzifunge.”

Akabonyeza Ctrl na P.