Mwombee Baba Yako

Mwanangu mpendwa,



Sisi huku Bukoba hatujambo. Mama yako magoti yanamsumbua kama unavyojua, mvua zimeanza, na watoto wa jirani tayari wanaulizia senene. Mengine utayasikia kwa simu. Hili ninalokuandikia sikutaka kulisema kwa simu, kwa sababu ukikasirika utaikata, lakini barua utaweza kuirudia hasira ikishapoa.

Binti wa baba yako mkubwa amerudi kutoka harusini Dar es Salaam. Anasema picha ya baba yako haipo tena pale ukutani sebuleni kwako. Alipouliza, mkeo akamjibu kwamba mtumishi fulani alikuja kuiombea nyumba, akasema kuna kifungo cha ukoo kinachozuia riziki yako, na kwamba kifungo hicho kinapitia kwa marehemu baba yako. Picha ikachomwa uani pamoja na rozari yake. Ukatoa na fedha ili utengwe na ukoo. Tena ameambiwa kwamba Novemba hii hutatoa nia ya Misa, maana umefundishwa kwamba kumwombea mfu ni kumwita.

Kama ni uongo, niandikie mstari mmoja tu nami nitamkemea yule binti. Kama ni kweli, nisikilize.

Aliyekufundisha hivyo amekuchanganya. Anayekwenda kwa mganga kuuliza marehemu anataka nini, huyo ndiye anayeita wafu, na jambo hilo limekatazwa katika Kumbukumbu la Torati; Kanisa halijawahi kuliruhusu. Sisi tunazungumza na Mungu habari za marehemu wetu. Sasa tazama vizuri: ni nani aliyesema kwamba baba yako amesimama mlangoni kwako anazuia wateja? Ni huyo huyo mtumishi. Kabla hajaja, baba yako alikuwa amelala kwa amani kibanjani, chini ya migomba aliyoipanda kwa mikono yake.

Nilifundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza katika kigango chetu, na wewe ulikaa benchi la mbele, kwa hiyo habari za toharani nakukumbusha tu. Aliyekufa katika urafiki na Mungu akiwa bado na madoa, ameshaokoka. Anatakaswa kwanza, kisha amwone Mungu uso kwa uso. Lakini kujisaidia mwenyewe hawezi tena. Tunaomsaidia ni sisi tuliobaki, kwa Misa, kwa sala, kwa kuwasaidia maskini kwa ajili yake. Mtu wa namna hiyo atakufunga kwa nguvu gani? Yeye ndiye anayekuhitaji wewe.

Najua mtumishi atakuambia habari za babu zetu waliotambika. Ni kweli walitambika, sitakuficha. Basi fungua Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12. Yuda Mmakabayo alipokwenda kuwaokota askari wake waliokufa vitani, alikuta chini ya nguo za kila mmoja hirizi za sanamu za Yamnia. Hakuwakimbia, wala hakutangaza kwamba wamewalaani watoto wao. Alichangisha watu wake drakma 2,000 za fedha, akazipeleka Yerusalemu ili sadaka itolewe kwa ajili ya dhambi yao. Biblia aliyonayo mtumishi wako huenda haina kitabu hicho. Ile niliyokununulia siku ya Kipaimara inacho, kama nayo haikuchomwa.

Sasa nitakueleza jambo ambalo baba yako hakukusimulia, kwa sababu hakuwa mtu wa kujisifu.

Ulikuwa hujazaliwa meli ya MV Bukoba ilipozama. Mimi meli hiyo naijua. Ndiyo niliyopanda Septemba 1990 kwenda Mwanza kumwona Papa Yohane Paulo wa Pili, na katika kijiji chetu chote wanawake tuliokwenda tulikuwa wachache. Tarehe 20 Mei 1996, jioni, baba yako mdogo alipanda meli hiyo hapa Bukoba kurudi kazini kwake. Ilipitia Kemondo, ikasafiri usiku kucha, na asubuhi ya tarehe 21, Mwanza ikiwa imeshakaribia, ikapinduka, kisha ikazama. Walikufa watu zaidi ya 800. Sisi tulikaa redioni mchana na usiku. Jina lake halikutajwa kati ya waliookolewa, na katika miili iliyotambuliwa hakuwamo. Wengi ambao hawakutambuliwa walizikwa Igoma, Mwanza, katika makaburi ya pamoja.

Bibi yako aliacha kula. Hakulilia tu kufa kwa mwanawe. Alililia kutokuwa na kaburi. Kila mtu wa ukoo huu amelala kibanjani, ila huyo mmoja. Ndipo mmoja wa wazee wetu akamleta mganga. Yule mganga alikaa pale barazani, akasema kijana asiye na kaburi hana makazi, atarudi kudai, na ataanza na watoto. Alitaka mbuzi mweusi, fedha, na shina la mgomba livishwe shuka tulizike badala ya mwili, yeye akisema maneno yake. Wazee waliafiki. Bibi yako mwenyewe alikuwa karibu kukubali, kwa sababu mama aliyepotelewa na mtoto atashika lolote analopewa.

Aliyesimama akakataa ni baba yako. Alikuwa kijana, tena mbele ya wazee. Akasema, "Mdogo wangu hakuwahi kumdhuru mtoto akiwa hai, kwa nini aanze leo?" Mzee mmoja alimwita mtovu wa adabu, na maneno hayo yalikaa kati yao hadi mzee yule akafa. Nakuambia jambo nililoliona kwa macho yangu.

Kesho yake akampeleka mama yetu, huyo bibi yako, kwa paroko. Padri hakuwa na maneno mengi. Alimweleza habari za Mtakatifu Monika, kwamba alipokuwa anakufa kule Ostia mwaka 387, mbali na kwao, aliwaambia wanawe wamzike popote, ila alichowaomba ni wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Mama yetu akauliza kama Misa inafika hata kwa mtu aliye majini. Padri akamjibu kwamba Mungu anajua alipo. Basi akaandikisha nia, na Misa ikasomwa kwa jina la mwanawe. Siku hiyo alirudi nyumbani akala.

Lakini alitaka kufika Igoma. Meli hakuitaka tena kuisikia. Baba yako akauza baiskeli yake, ile aliyokuwa akibebea kahawa, akampeleka kwa barabara, Biharamulo, Geita, hadi Busisi, ambako wakati ule hapakuwa na njia nyingine ila kivuko. Mama akavuka amefumba macho, rozari mkononi, na mwanawe amemshika bega. Walipofika makaburini wakasali rozari nzima, matendo ya uchungu. Mimi nilikuwapo. Mlinzi wa pale akamuuliza kwa upole kama ana hakika mwanawe amezikwa mahali hapo. Mama yetu akasema, "Kama si wangu, ni wa mwenzangu. Mimi namwombea huyu wake, naye atamwombea wangu alipo."

Tangu mwaka huo hadi alipofariki, bahasha yake ya marehemu kila Novemba ilikuwa na jina la baba yako mdogo, na chini yake ameandika: na wote waliokuwa naye. Baada yake baba yako alirithi bahasha hiyo. Aliandika hivyo hivyo, kila mwaka, kwa mwandiko wake ule wa kulala. Huyo ndiye mtu unayeambiwa amekufunga. Huyo ndiye ambaye picha yake imechomwa uani kama takataka.

Mwanangu, kuna jambo jingine, na nitalisema kwa sababu hakuna mwingine atakayekuambia. Najua wewe na baba yako mligombana kwa simu juu ya mkopo, na najua alifariki kabla hamjapatana. Ulifika tumeshazika. Niliona ulivyosimama pembeni ya kaburi bila kusema neno na watu. Wengine walisema una kiburi. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni, nikajua si kiburi. Mtu anayejisikia na deni kwa marehemu, akija mwingine kumwambia marehemu amekasirika, ataamini mara moja. Huo ndio mlango aliopitia mtumishi wako. Lakini baba yako hakufa amekukasirikia. Siku mbili kabla hajafariki aliniuliza kama umepata kodi ya nyumba. Kama roho inakuuma, nenda kwenye kitubio, kisha umtolee Misa, na useme na Mungu yale uliyokuwa uyaseme na baba yako. Hakuna fedha zinazohitajika hapo.

Na hilo la fedha nililikumbuka, maana Krismasi moja uliniambia mbele ya wageni kwamba Wakatoliki tunanunua Misa. Nilinyamaza kwa heshima ya wageni. Sadaka ya nia ya Misa si bei. Sheria za Kanisa, kanuni ya 945, zinawahimiza mapadri waadhimishe Misa kwa nia ya waamini, hasa maskini, hata wasipotoa kitu, na kanuni ya 947 inakataza hata kinachofanana na biashara. Tarehe 2 Novemba kila padri anaruhusiwa Misa tatu. Ruhusa hiyo aliitoa Papa Benedikto wa 15 mwaka 1915, wakati vijana wa Ulaya wanakufa vitani kwa maelfu. Katika hizo tatu padri anaweza kupokea sadaka ya moja tu. Moja ni kwa marehemu wote, na moja ni kwa nia ya Baba Mtakatifu. Mtumishi wako alipokea kiasi gani kwa kuchoma picha? Mkeo hakutaka kutaja, nami nadhani naelewa kwa nini.

Wala usidhani kumwombea mtu ni kumtuhumu. Kardinali Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali, alifariki Desemba 1997. Alizikwa Kashozi, na mwaka 2012 akahamishiwa Kanisa Kuu la Bukoba. Tulimsomea Misa naye, mtu aliyevaa nyekundu mbele ya Papa. Nani basi ni mkubwa mno asiombewe?

Biashara yako haikufungwa na marehemu, ilikwama kwa mikopo ya kausha damu. Ilipe kidogo kidogo, usichukue mwingine.

Mtoto wako mdogo hajabatizwa hadi leo. Mpeleke.

Mpigie mama yako Jumapili. Asipigiwe tu ukihitaji kitu.

Kuhusu makaburi, sitaficha kwamba nina uchungu. Kibanja walipewa kaka zangu, mimi ni mwanamke sikupewa hata mgomba mmoja, na sikugombana na mtu. Lakini anayepalilia kaburi la babu yako, la bibi yako na sasa la baba yako ni mimi, kwa jembe langu, na mgongo huu unavyouma. Wenye kibanja wako mjini. Wewe ndiye mrithi wa baba yako. Hata kama hukuitaka picha yake, kaburi lake ni lako, na huwezi kulichoma.

Kuanzia tarehe 1 hadi tarehe 8 Novemba, Kanisa linatoa rehema kamili kwa ajili ya marehemu kwa yeyote anayezuru makaburi na kuwaombea, akiwa ameungama, amepokea Komunyo, amesali kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo wake haushikilii dhambi. Unaweza kupata moja kila siku, kwa marehemu mmoja. Ukija kwa siku chache tu, moja ni ya baba yako, nyingine ya bibi, nyingine ya baba yako mdogo. Huko Dar es Salaam pia yapo makaburi, kama nauli haitoshi. Kasimame palipo na kaburi lisilo na mtu, ufanye kama bibi yako alivyofanya Igoma.

Ila ningependa uje. Jina la baba yako nimeshaliandika katika bahasha ya mwaka huu, na chini yake yale maneno ya bibi. Mahali pa jina la mwenye nia nimepaacha wazi, kwa sababu ni haki ya mwana wa kiume na mimi sitaki kuichukua. Picha ninayo nyingine, ya siku ya harusi yao, nitakupa ukifika. Misa ni tarehe 2, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na katekista anafunga orodha wiki moja kabla. Nijibu mapema nimwambie jina la kuandika.

Ni mimi shangazi yako.