VIKOMBE VYA WAGENI



Leo nataka tuzungumze juu ya kabati la vyombo. Usicheke. Mungu amenisemesha kupitia kabati la jikoni kwangu, na nimeona nisikae na neno hilo peke yangu.

Kama umelelewa Ukambani, unalijua kabati ninalosema. Mimi nimelelewa Mutomo, Kitui Kusini. La kwetu lilikaa sebuleni, la mbao, lenye vioo viwili vya kusukuma kando kwa kidole. Ndani mama alipanga vikombe sita vya maua na visahani vyake, glasi, chupa ya chai, na chini ya kila kitu kitambaa alichokifuma kwa mkono wake. Picha ya arusi yao ilichomekwa pembeni mwa kioo. Kila Jumamosi tulivitoa, tukavipangusa vumbi, tukavirudisha. Maji ya kuviosha mama alikuwa ameyachota kwa kuchimba mchanga wa mto mkavu. Lakini kuvinywea, hapana. “Ni sya aeni,” alituambia. Ni vya wageni.

Baba aliuza mbuzi ili vikombe hivyo vinunuliwe. Yeye mwenyewe alinywea kikombe cha bati kilichobanduka rangi mdomoni.

Mwaka wa 2009, wakati wa ule ukame mkali, baba alilala. Jioni ya kwanza ya matanga kabati lilifunguliwa. Nikiwa nimebeba sinia, nilimwona mtu nisiyemfahamu, aliyetoka mbali kuja kutufariji, akinywa chai katika kikombe cha maua. Sikumchukia. Lakini nilijiuliza: baba alikinywea kikombe hiki lini? Hata siku moja, mpendwa. Hata siku moja.

Simlaumu mama. Biblia yenyewe inatuagiza kuwakarimu wageni (Waebrania 13:2). Mama hakuwa na vingi, na kioo kile kilimwambia kila aliyeingia mlangoni kwamba kikombe chake kipo. Hiyo ni heshima. Swali langu ni juu ya wale walioishi ndani ya nyumba.

Miaka ikapita. Sasa natumika Makueni, na tulipojenga nyumba yetu karibu na Wote mke wangu aliomba makabati ya juu jikoni yawe na milango ya vioo. Kama nawe unawaza hivyo, sikia tuliyojifunza. Kioo hakifichi kitu. Barabara yetu ni ya udongo; lori moja likipita, kila kitu kimevaa vumbi jekundu. Maji ya kisima yana chumvi, na glasi ikijikaukia yenyewe inabaki na madoa meupe. Ioshe kwa limau au siki kidogo, kisha ipanguse kwa kitambaa kikavu. Usiweke kabati la vioo juu ya jiko, maana mvuke na mafuta vitakushinda. Sahani nzito zikae chini, vyombo vyepesi juu, na usijaze hadi pomoni. Unga, mifuko, na vile vifuniko visivyo na sufuria, peleka nyuma ya milango ya mbao. Rafu ya juu mke wangu aliweka kibuyu cha nyanya yake, nacho kinapendeza kuliko vyote tulivyonunua dukani.

Lakini rafu ya katikati niliitaka mimi. Nilinunua vikombe vyeupe sita, nikatangaza kwamba hivyo ni vya watumishi wa Mungu wanaotutembelea. Watoto wangu wakaendelea na vikombe vya plastiki. Unaona jambo hilo? Mtoto wa yule baba wa kikombe cha bati!

Jumamosi moja tulikuwa tunangoja wageni wa kanisa. Nikasikia kitu kimepasuka jikoni. Nilikimbia, nikamkuta mwanangu wa miaka tisa amesimama, chai imemwagika, kikombe kimoja cheupe vipande vipande. Nilimfokea kwa sauti ambayo washirika wangu hawajawahi kuisikia. Nilipomaliza, akasema polepole, “Baba, nilikuwa nakuletea wewe.”

Muda mfupi baadaye wageni waliingia, nami nikawapokea kwa sauti tamu kabisa. Mke wangu aliniangalia. Hakusema neno.

Hapo ndipo Roho Mtakatifu aliponishika. Haikuwa habari ya vikombe. Sauti yangu nzuri, uvumilivu wangu, tabasamu langu, neno “asante”, vyote nilikuwa nimevifungia kabatini. Wageni wanavinywea. Watu wa nyumbani kwangu wanavitazama tu kupitia kioo.

Soma 1 Timotheo 5:8, juu ya mtu asiyewatunza wa nyumbani mwake. Sisi wanaume huwa tunausoma mstari huo juu ya chakula na karo, na tukilipa tunajihesabia haki. Mimi usiku ule niliusoma juu ya sauti yangu, nikakosa pa kujificha. Kisha soma 2 Timotheo 2:20-21. Chombo cha heshima anachokieleza Paulo ni kile kilichosafishwa kikawa tayari kwa kazi ya mwenye nyumba. Hasemi kwamba heshima ya chombo ni kutazamwa.

Nilikwenda nikaketi kitandani kwa mwanangu, nikamwomba msamaha. Haikuwa rahisi. Nimewaombea wengi mbele ya madhabahu, lakini maneno hayo mawili, “Nisamehe, mwanangu,” yalinitoa jasho.

Asubuhi vile vikombe vitano vilivyobaki vilishuka rafu ya chini, mahali ambapo watoto wanafikia. Tunanywea uji. Mgeni akija tunaviosha, naye ananywea hivyo hivyo. Kimoja kimeshapata pengo. Na nimegundua jambo: chombo kinachotumika kila siku hakipati vumbi.

Mpendwa, ni nini kizuri ulichowawekea watu wa nje, na mkeo, mumeo au watoto wako hawajakionja? Usingoje matanga ndipo kabati lifunguliwe. Leo jioni toa kikombe kizuri, mpe mtu wa nyumbani mwako chai, na pamoja na chai hiyo mpe neno jema. Kama kuna uliyemkosea, anza na msamaha.

Tuombe: Baba, nisamehe kwa kuwanyima wa kwangu kile ninachowapa wageni. Safisha moyo wangu na ulimi wangu, unitumie kwanza nyumbani kwangu. Katika jina la Yesu.

Kama neno hili ni lako, sema Amina.