Duka Lisilo na Misumari

Mkeka wa kwanza niliouulizia niliambiwa si wa kuuza. Wa pili nao si wa kuuza. Wa tatu ulikuwa wa kuuza, ila paka alikuwa amelala juu yake, na mwenye duka akanitaka radhi: tumngoje aamke, ama nirudi baada ya adhuhuri. Nikangoja. Nilikuwa nimeingia kwa dakika tano, nikitafuta zawadi ya kupeleka Mombasa, na nilitoka jua likiwa limeshaelekea Mokowe, upande wa bara.

Duka lenyewe halina bango wala jina. Liko Langoni, upande wa kusini wa mji wa Lamu, mtaa ambao tangu zamani ndio unaopokea wageni. Ukifuata Usita wa Mui ukaipita Ngome, nyumba za mawe huanza kuchanganyika na za mabati, punda huzidi, na harufu ya mahamri hukusindikiza kona hadi kona. Ulizia Wabajuni maseremala. Utaulizwa Wabajuni wepi, kwa sababu Langoni wamejaa. Wako waliokimbia vijiji vya bara wakati wa vita vya shifta, miaka ya 1960. Wako waliokuja na majahazi kutoka Kismayu na visiwa vyake baada ya dola ya Somalia kuanguka Januari 1991. Unaowataka ni hawa wa pili. Mlango wao utaujua: mbao zimekatwa maua ya pembepembe kwa ncha ya patasi, si nakshi ya majani na mizabibu kama milango ya matajiri wa Zanzibar, na ndani ya mikato mna rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe. Wajuzi wa milango huiita nakshi ya Kibajuni, wengine ya Siyu. Mzee mwenye duka haiiti chochote. Anasema mlango ni mlango.

Ndani ni chumba kirefu chembamba mithili ya ushoroba, kama vilivyo vyumba vyote vya kale vya pwani hii. Sababu yake iko juu ya kichwa chako: dari imebebwa na boriti za mkoko, na boriti ya mkoko haivuki mbali, hatua tatu za mtu mzima na kidogo. Basi upana wa chumba huamuliwa na mti, na upana wa fanicha huamuliwa na chumba. Ndiyo maana vitanda vya kwetu ni vyembamba na virefu, na makasha hukaa ukutani yakiwa yamejibana. Nimelala katika hoteli nyingi za pwani zilizojaa viti vya enzi vya juzi, vimepakwa vanishi mpaka unaona uso wako, vimewekwa katikati ya ukumbi mpana kama mahakama. Havina raha. Kiti hicho kilizaliwa kwenye chumba chembamba, mgongo ukutani.

Katika duka hili vitu vingi viko juu. Kuna vitanda vilivyofunguliwa vikafungwa mafungu mafungu na kutundikwa kwenye boriti. Kuna mbuzi za kukunia nazi zilizoning'inia kwa mikia, kawa za rangi, marfaa ya kusomea msahafu, kata za vifuu. Chini kuna vumbi la mbao, birika, na vigoda vitatu vilivyotengenezwa kwa maboya ya plastiki yaliyookotwa ufukweni. Hivyo vya maboya ni kazi ya mjukuu. Babu yake hukalia kimoja siku nzima, huku akivilaani.

"Hiki cha juu pale, Ami, bei gani?" nilimuuliza mzee, nikionyesha kitanda kimoja ambacho mbao zake zilikuwa zimekolea weusi wa moshi na miaka.

"Hicho kimetoka Chula."

"Bei yake?"

"Nimekwambia, mwanangu. Kimetoka Chula."

Baadhi ya ramani huandika Tula. Kibajuni hugeuza t ya Waswahili wengine kuwa ch, hivyo mtu ni mchu, na Tovai ni Chovai. Chula, Chovai, Koyama, Ngumi: hivyo ni baadhi ya visiwa vilivyopangana kama shanga sambamba na ufuo, kutoka Kismayu kushuka mpaka Ras Kiamboni, na mnyororo huohuo ukavuka mpaka wa Kenya bila kujali, Kiunga, Kiwayu, Ndau, hadi Pate. Kati ya kisiwa na bara kuna maji ya kina kifupi, tulivu, yaliyozuiwa na mwamba, na mashua hupita humo hata kusi inapovuma. Neville Chittick, mwanaakiolojia, aliipitia pwani hii na kuandika ripoti yake mwaka 1969: misikiti ya mawe, makaburi ya nguzo, magofu ya miji iliyokuwa hai karne nyingi kabla yake. Kabla ya Chittick, Mwitaliano Vinigi Grottanelli alikuwa ameshaandika kitabu kizima kuhusu wavuvi wa Kibajuni, kilichotoka 1955. Mzee hajakisoma wala hajutii. Ila anakumbuka alivyosimuliwa juu ya taza, yule samaki mwenye kibandiko kichwani. Wavuvi walimfunga uzi mkiani na kumwachia baharini, agande kwenye gamba la kasa, kisha wavute. Kutoka kwa kasa aina ya ng'amba yalitoka machanuo na vijaluba. Kimoja kiko dukani, kidogo kama kiganja, ndani ya kabati la kioo. Nacho si cha kuuza, na hapa sheria iko upande wa mzee, maana biashara ya magamba hayo sasa ni marufuku.

Kismayu yenyewe ameiacha zamani, lakini huisema kama mtu anayetazama dirishani. Bandari, kisha ufuo mrefu, kisha kaskazini kidogo mahali mto Juba unapoingia baharini na maji kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Babu yake, anasema, alipitia serikali tatu bila kukisogeza kitanda. Hesabu yake si mbaya. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886 yaliuhesabu mji huo miongoni mwa milki za Sultani wa Zanzibar. Baadaye ukatawaliwa na Mwingereza pamoja na Jubaland yote. Na mwaka 1925 Mwingereza akamkabidhi Mwitaliano. Bendera zikapishana, kitanda kikabaki pale pale.

Kilikuja kusogea wakati wa huyu mjukuu wa babu, yaani mzee wangu, na hapo ndipo nilipofundishwa kitanda ni nini.

Alikishusha. Alimwambia binti yake, anayeshika daftari la hesabu na ndiye mwenye sauti ya mwisho katika mambo ya fedha, asogeze birika. Kisha akavipanga sakafuni vipande vinane: matendegu manne, mifumbati miwili ya ubavuni, vitakizo viwili vya kichwani na miguuni. Pembeni akamwaga kabari nane za mti mgumu, ndogo kama vidole. Hakuna msumari, hakuna gundi. Ulimi wa mfumbati huingia katika tundu la tendegu, unapenya, unatokeza ncha upande wa pili, na kabari inapigwa kwenye ncha hiyo mpaka mti ulie. Yeye husikiliza. Ikilia "to" bado. Ikilia "ti" basi. Vipigo vilikuwa viwili au vitatu kwa kila kabari, kwa nyundo ya mti, na kitanda kikasimama katikati ya duka kikiwa mifupa mitupu. Nikakitikisa. Hakikunong'ona.

"Kilichobaki ni kuwamba," alisema, na kuwamba huchukua siku nzima: kamba ya miyaa huzungushwa, hupishanishwa, huvutwa kwa mguu, kuanzia mchagoni. Lakini siku ya kukimbia hakuna anayefungua kamba kwa upole. Waliikata. Wakagonga kabari kutoka nyuma zikaruka, mbao wakazifunga pamoja na tanga, na mashua ikateremka kusini. Sufuria walizisahau, kitanda walikuja nacho.

Nilimuuliza kwa nini kitanda na si sufuria. Alinitazama kama vile nimeuliza kwa nini samaki hana viatu. Halafu akanionyesha picha iliyokatwa gazetini na kubandikwa ukutani: mtepe, ile mashua ya kale ya pwani ya Wabajuni na Lamu, iliyoshonwa kwa kamba za nazi badala ya kupigiliwa misumari, na tanga lake la mraba lilikuwa mkeka. Kwake yeye hilo lilikuwa jibu tosha. Seremala na mshonaji wa mtepe walikuwa jamaa. Kitanda na chombo vilijengwa kwa akili moja, ya watu wanaojua kwamba kila kilichofungwa kitakuja kufunguliwa. Hayo ya mwisho ni maneno yangu. Yeye alisema tu, "Msumari huoza, mwanangu. Chumvi."

Lamu haijawahi kukosa mafundi wa kujivunia. Muhamadi Kijuma, aliyefariki 1945, alikuwa mshairi, mwandishi wa hati na mchongaji wa milango kwa pamoja, na mtindo wake una wafuasi hadi leo. Na mwaka 2018 Ali Skanda na wenzake walishusha majini Flipflopi, mashua iliyoundwa kwa plastiki iliyookotwa, tani 10 zake, ikavishwa ndara 30,000 za rangi zote. Mjukuu wa mzee alikwenda kuitazama akiwa mtoto, akarudi akaanza kuokota maboya. Vigoda vyake ndivyo vinavyonunuliwa zaidi na wageni kutoka Nairobi, jambo ambalo binti wa mzee hulitaja kila inapowezekana.

Tatizo kubwa la duka ni mti. Mbambakofi mzuri ni adimu, na mzee hamalizi kuzungumzia migunga ya nyuma ya Kismayu, ilivyokatwa ikachomwa makaa na kupakiwa melini kwenda Ghuba kuwashia shisha. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku makaa hayo Februari 2012. Mzee ana maoni yake juu ya watu wanaovuta kitanda kwa mrija, na maoni hayo hayachapishiki.

Paka aliamka saa tisa kasoro. Bi mkubwa, mke wa mzee, ambaye muda wote alikuwa barazani akisuka ukili bila kuutazama, vidole vikienda vyenyewe kama vya mtu anayevuta uradi, aliinuka akaukung'uta mkeka na kuupima kwa mkono wake, kiwiko hadi ncha ya kidole. Alinionyesha mahali ukili mmoja unaposhonwa na mwenzake; ilibidi niuinue mkeka juani ndipo nikauona mshono. Pembeni palikuwa na mstari wa zambarau uliopinda kidogo. Nikadhani kosa. Akasema hapo ndipo alipoletewa habari ya harusi ya mpwa wake, na hakuona sababu ya kufumua.

Mbali na mkeka nilinunua kiti kidogo cha kamba. Mzee alikifungua mbele yangu, akakizungushia gunia, akanipa kabari zake katika bahasha ya zamani ya benki. Kwenye mashua ya kwenda Mokowe nilikikumbatia, na nahodha akaniuliza kama nimebeba bunduki ama kuni.

Nyumbani Mombasa ilinichukua jioni nzima. Niliweka miguu ya nyuma mbele, nikafungua, nikaanza upya, nikapiga kabari huku nikitega sikio kama nilivyofunzwa. To. To. Ti. Kiti kikasimama. Viungo vilikuwa vinne, kabari nne zimeingia, na mkononi nimebaki na ya tano.

Nilikikagua kiti juu chini, nikitafuta tundu nililolisahau. Mwishowe nikapiga simu dukani. Binti alipokea, akacheka, akampa baba yake.

"Hiyo ya tano ni ya kupotea, mwanangu," alisema. "Iweke vizuri."

Niliiweka kwenye droo ya jikoni, pamoja na risiti na betri zilizokufa. Juzi kiti kilipoanza kulegea nikaenda kuitafuta. Haipo.