Kahawa ya Najma na Kumbukumbu ya Baraza

Kahawa ya Kiarabu, ambayo mwaka 2015 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika kwa ombi la pamoja la Qatar, Saudia, Oman na Falme za Kiarabu, hupikwa kwa buni zilizokaangwa kidogo tu, ikatiwa iliki na pengine zafarani, kisha humiminwa kwa mkono wa kushoto, kikombe kikitolewa kwa wa kulia, naye mgeni aliyetosheka hukitikisa kikombe ili asiongezewe. Hiyo ndiyo kahawa ambayo mwandishi wa kumbukumbu hizi, aliyekulia Mombasa, aliikuta Doha, na wepesi wake ulimshangaza, kwa sababu kahawa chungu ya Mji wa Kale hutokana na buni zilizokaangwa mpaka zikawa nyeusi, na muuzaji huizungusha jioni katika dele lenye makaa chini yake, akigonganisha vikombe ili wateja wasikie, huku waketio barazani, yaani kwenye viti vya mawe vilivyojengwa mbele ya nyumba, wakiisindikiza kwa kashata.

Asili, hata hivyo, ni moja. Mbuni wa arabika ulitoka misitu ya kusini-magharibi mwa Ethiopia, na ng'ambo ya Bahari ya Shamu, huko Yemen, Masufi wa karne ya 15 waliinywa kahawa ili wakeshe katika dhikiri. Mwaka 1511 Khair Beg, aliyesimamia Makka, aliipiga marufuku kwa kuihofia mikusanyiko ya wanywaji wake, lakini katazo halikudumu, na mikusanyiko hiyo ndiyo, kuliko ladha, iliyoipa kahawa umri mrefu.

Katika Najma, mtaa wa wahamiaji mjini Doha wenye Souq Haraj, soko la samani zilizokwisha kutumika, kinywaji cha barabarani ni karaki, chai nzito ya maziwa yenye asili ya Bara Hindi, ilhali kahawa imebaki majumbani au imehamia kwenye mikahawa ya mashine, ambako kijana hununua kikombe cha karatasi akaondoka nacho. Nalo ni jambo la kusikitisha, kwani kahawa inywewayo njiani haimkutanishi mtu na mwenziwe. Badiliko la kheri limeletwa na Waethiopia wanaofanya kazi Doha: kwao mwanamke hukaanga buni mbele ya wageni, akaipika kahawa katika jebena, chombo cha udongo chenye shingo nyembamba, ikanywewa kwa awamu tatu, ya mwisho ikiitwa baraka. Mswahili aliyezoea baraza la wanaume hujikuta katika kikao kinachoendeshwa na mwanamke, akajiuliza kwa nini mama na nyanya zake, waliopika kahawa ya matanga usiku kucha, hawakupata kuitwa barazani.