Andazi la Matabaka ni la Nani?

Nataka kuwasimulia kosa nililolifanya mezani pa mtu, nalo lilitokana na kitu kidogo, yaani andazi.

Nilipokuwa kijana, mama mmoja Myunani wa Arusha alinipa siku ya Pasaka andazi liitwalo baklava. Unga husukumwa hata uwe mwembamba kama karatasi; matabaka hupakwa siagi na kupangwa moja juu ya moja, katikati hutiwa jozi zilizopondwa, kisha huokwa na kumiminiwa shira ya asali. Aliniambia ya kuwa kwao huweka matabaka 33, kwa ukumbusho wa miaka ya Bwana wetu duniani. Basi nikaamini ya kuwa andazi hili ni la Wayunani peke yao.

Miaka ikapita. Jirani yangu Mwislamu, mtu aliyesimama nami nilipofiwa na baba, akanialika siku ya Idi. Akaleta sinia ya baklava, akasema, "Karibu, Mwalimu, hiki ni chakula cha masultani wa Stambuli." Mimi, kwa majivuno ya elimu, nikamjibu mbele ya watoto wake, "Sivyo, hiki ni cha Wayunani. Waturuki walikitwaa tu." Akanyamaza. Tangu siku ile hakunifungia mlango, walakini maneno yake kwangu yalipungua.

Ndipo nikaanza kutafuta habari, nikaona ya kuwa nilisema nisilolijua. Katika madaftari ya jiko la jumba la Sultani huko Stambuli, baklava imeandikwa mwaka 1473. Baadaye ikawa desturi Sultani kuwagawia askari wake, Majanisari, baklava katikati ya Ramadhani, sinia moja kwa watu kumi. Lakini zamani zaidi, katika karne ya 10, watu wa Baghdad walikula lauzinaji, yaani unga mwembamba uliojazwa lozi. Na jina hilo lina asili moja na neno letu lozi. Tena, kabla ya kuzaliwa Kristo, Cato wa Rumi aliandika jinsi ya kufanya mkate wa matabaka wenye jibini na asali. Wengine hushika ya kuwa chanzo ni Waturuki wa Asia ya Kati, waliopenda kupanga mikate myembamba.

Na ugomvi haujaisha. Mwaka 2006 waokaji wa Kituruki waliandamana Stambuli, kwa sababu baklava ilitangazwa kuwa andazi la Kupro. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliandikisha baklava ya Gaziantep, mji wa Uturuki. Walakini hati hiyo hulinda jina la baklava ya mji ule tu, haiamui nani aliyeanza.

Nilipokwisha kusoma, nikaenda kwa jirani yangu. Nikaomba watoto waitwe, maana nilikosa mbele yao, nikamwomba radhi. Akacheka, akasema, "Mwalimu, mimi sikukuita uniambie ni ya nani. Nilikuita ule."

Enyi wazazi na walimu wenzangu, elimu ni njema, lakini nusu yake ni hatari mezani pa mwenyeji. Wazee walisema kweli: heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.