Kuongeza fenda na mipira ya matope kwenye pikapu ya mazao kabla ya masika

Leo sitazungumzia mbegu wala dawa. Nataka tuzungumzie gari linalobeba mazao yetu, hasa sehemu ambayo wengi huiona ni urembo wa vijana: fenda za kuongeza pembeni ya matairi, na ile mipira inayoning'inia nyuma ya tairi kuzuia matope. Usiseme mada hii ni ya madereva ukaacha kusoma. Nitakuonyesha kwamba anayelipa gharama ya matope ni wewe mwenye robo eka ya hoho.

Huku kwetu Lushoto udongo ni mwekundu na wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha unakuwa laini kama sabuni, na unanata. Pikapu ikitoka vijijini hutembea mwendo mrefu kwenye barabara ya udongo kabla ya kuikuta lami ya Soni na kuteremka Mombo. Kwa hiyo wafanyabiashara wengi wamefunga matairi mapana yenye meno makubwa. Siwalaumu. Tairi jembamba lililoisha meno halipandi milima hii mwezi wa Aprili, na gari likikwama mazao hulala njiani.

Tatizo ni kwamba tairi pana linatokeza nje ya bodi. Fenda ya kiwandani ilipimwa kwa tairi la kiwandani. Ukifunga pana zaidi, sehemu ya tairi inabaki wazi, haina kitu juu yake. Tope linalong'oka kwenye meno linaruka kufuata mzunguko wa tairi: juu, nyuma na pembeni. Tairi la mbele linarusha tope kwenye ubavu wa gari, na likishapanda juu ya ubavu linaangukia kwenye mzigo. La nyuma linarusha kwa walio nyuma, likiwa limechanganyika na kokoto. Nyinyi mnaopeleka watoto shule asubuhi mnajua ninachosema. Kokoto iliyorushwa na tairi haichagui kioo cha gari wala jicho la mtoto.

Nilianza kulitazama jambo hili kwa makini nilipoitwa na mama mmoja kwenye kijiji ninachohudumia. Aliambiwa na mnunuzi wake kwamba hoho zake zina ugonjwa, zinaoza kabla ya kufika sokoni Dar es Salaam. Bei ikashushwa mara mbili mfululizo. Alikuwa ameshatenga pesa ya ada ya mtoto ili anunue dawa ya kupulizia, na aliniita nimtajie dawa ipi.

Nilizunguka shamba lote. Majani yalikuwa safi, vikonyo vikavu, matunda magumu yanayong'aa. Nilichuma kadhaa nikazipasua, ndani hamna kitu. Nikamwambia, "Mama, ada usiiguse. Shamba halina ugonjwa. Siku ya kuvuna niite."

Siku ya kuvuna nikaja. Hoho zikachumwa umande ukiwa umekauka, zikapangwa kwenye matenga, zikapakiwa kwenye pikapu. Nikaomba lifti mpaka Soni. Njiani, kwenye kijito, dereva akasimama. Matenga ya pembeni yalikuwa yamepakwa matope kana kwamba yamepigwa lipu. Akashusha moja moja, akamwaga hoho kwenye maji, akazisuuza, akazirudisha zikiwa bado zinatiririka, akafunga turubai juu. Nikamuuliza kama hufanya hivyo kila safari. Akasema masika yote, kwa sababu sokoni hakuna anayenunua hoho yenye tope.

Hapo ndipo ugonjwa ulipokuwa. Hoho iliyolowa, ikafungiwa kwenye joto la turubai usiku kucha, ni lazima ianze kulainika. Maji ya kijito yanabeba vimelea, na vinaingia kupitia kikonyo kilichokatwa na kila mchubuko uliopatikana kwenye makorongo. Hoho moja ikioza inaambukiza za jirani. Nyanya nayo iko hivyo hivyo. Kabichi inavumilia kidogo kwa sababu unaweza kubandua majani ya nje, ingawa hata hapo unauza pungufu. Kwa mboga za majani sitaki hata kueleza.

Mwenye gari ni mtu mzima anayeheshimika. Nilimfuata nyumbani jioni, nikamwamkia, nikamweleza nilichoona. Alinisikiliza, kisha akasema, "Mwanangu bwana shamba, tairi nikizibadili nitakwama. Turubai nikilifunga mapema, mzigo unavukiwa. Unataka nifanyeje?" Nikamjibu, "Mzee wangu, tairi ziache kama zilivyo. Tuzifunike." Kwa kuwa aliniuliza swali la haki, siku aliyopeleka gari gereji nilikwenda naye. Haya ninayoandika hapa chini tuliyafanya pale na fundi, nami nimeyaona yakifanya kazi.

Kwanza pima. Usinunue fenda za kuongeza kwa kuangalia picha. Simamisha gari sehemu tambarare, matairi yakitazama mbele sawasawa. Chukua uzi, funga jiwe kama timazi la fundi uashi, uushike kwenye ukingo wa fenda juu ya katikati ya tairi. Uzi utaning'inia wima. Sehemu ya tairi iliyo nje ya uzi ndiyo iliyo wazi. Ipime, kisha ongeza upana wa vidole viwili. Hicho ndicho kipimo chako. Gari la mzee lilikuwa wazi zaidi mbele kuliko nyuma, kwa hiyo kama angenunua seti ya vipimo sawa pande zote angelipia plastiki asiyoihitaji.

Kuhusu aina, zipo za plastiki ngumu zinazouzwa kwenye maduka ya vipuri, zipo za mpira mlaini zinazouzwa kwa mita, na wapo mafundi wa kuchomelea wanaokata bati. Bati mimi silipendi hata kidogo. Ukingo wake ukipinda unakuwa kisu, na barabara zetu ni nyembamba, watu wanabanana na gari kwenye kingo za mlima. Mpira wa mita ndio niliomshauri mzee, kwa sababu ukigusa ukuta au mti unapinda na kurudi. Plastiki ni nzuri kwa macho, lakini ikipasuka imepasuka.

Wakati wa kufunga, fundi wetu alitaka kutoboa na kukaza bolti moja kwa moja. Nikamwomba tusimame kidogo. Kila tundu unalotoboa kwenye bodi ni chuma kilichovuliwa nguo. Safisha tundu, lipake rangi ya kuzuia kutu, liache likauke, ndipo uweke bolti. Kisha weka ukanda mwembamba wa mpira kati ya fenda mpya na bodi. Bila ukanda huo mchanga unaingia kati, gari linatikisika, mchanga unasugua rangi mpaka chuma kinatokea, na unyevu unakaa humo. Nimeona pikapu ambayo ukibandua fenda ya kuongeza unakuta bodi imekuwa kama wavu. Upande wa chini acha mwanya ili maji na tope vishuke. Usizibe kila mahali kwa silikoni.

Sasa mipira ya nyuma ya matairi. Hii ndiyo rahisi zaidi, na kwa mfuko mdogo ningeanza nayo. Mpira wa ndani ya tairi haufai, ni mwepesi. Gari likishika kasi unapepea kama kanga kwenye kamba, tope linapita chini yake. Unahitaji mpira mzito wenye nyuzi ndani, kama ule wa mikanda ya mashine, au ubavu wa tairi kuukuu la lori. Ukitumia tairi, chagua lile la nyuzi za nailoni, usichukue lenye nyaya za chuma. Nyaya zikichomoza zitachana miguu ya watu. Na usihangaike kukata kwa msumeno. Nenda kwa fundi wa makatambuga, ana kisu na ana mkono wa kazi hiyo. Wetu alikata vipande vinne huku akipiga soga, akatutoza bei isiyofika tenga moja la hoho.

Upana wa mpira uwe sawa na tairi lote pamoja na ile sehemu inayotokeza. Urefu ndio wenye ubishi. Ukiwa mrefu unaburuta, na siku unayopiga rivasi kwenye mawe, tairi linaukanyaga na kuung'oa pamoja na chuma kilichoushika. Ukiwa mfupi ni pambo. Kwa barabara zetu tuliacha sentimita 25 kutoka ardhini gari likiwa na mzigo. Nasema likiwa na mzigo, kwa sababu springi zikilala mpira unashuka nazo. Halafu tulitoboa tundu kwenye kona ya chini na kuweka mnyororo mwembamba, ili dereva akifika sehemu ya mawe mabaya aivute mipira juu na kuitundika. Akifika lami anaishusha. Ni kazi ya dakika mbili, na vijana wanaopakia mizigo wameshaizoea.

Usikaze mpira kwa bolti na washa ndogo peke yake. Tope likigandamana huwa zito, na mpira unachanika kwenye matundu. Weka kipande cha chuma bapa mbele ya mpira na kingine nyuma, halafu bolti zipite kwenye vyote vitatu. Tafuta pa kufungia penye chuma kinene. Bodi ya bati haitaushika mpira huo kwa muda mrefu. Na kabla ya drili kugusa popote, angalia upande wa pili kuna nini. Mabomba ya breki na nyaya za taa mara nyingi hupita humo humo.

Baada ya kufunga, jaribu kabla ya kumlipa fundi. Kata usukani mpaka mwisho kushoto, kisha kulia. Pandisha tairi moja kwenye jiwe ili springi ibanwe. Pakia magunia. Popote tairi linapogusa fenda au mpira, punguza. Acha nafasi ya ngumi nzima kati ya tairi na chochote kilicho nyuma yake, maana udongo wetu unajazana. Ukijaa unaganda, na tairi linaanza kusaga udongo mchana kutwa.

Hapa niseme neno kuhusu lumbesa, na naomba tusikasirikiane. Unajua kwamba lumbesa imekatazwa na inamwibia mkulima kilo zake. Lakini hata mwenye gari inamuumiza. Ukizidisha mzigo, bodi inalala juu ya matairi na fenda uliyoigharamia inaliwa kwa safari mbili. Mzee aliyakuta mabaki ya mpira kwenye tairi la nyuma wiki ya kwanza. Sikuhitaji kumhubiria.

Wenye pikipiki msidhani nimewasahau. Kwenu mambo ni kinyume kidogo. Pikipiki yenye madigadi ya mbele yaliyolala karibu na tairi inazuia matope vizuri barabarani, lakini kwenye mfinyanzi udongo unajaa humo mpaka tairi linagoma kuzunguka, na kwenye mteremko hiyo ni hatari ya kukuua. Zile zenye madigadi ya juu, kama pikipiki nyingi tunazotumia maafisa ugani, hazijazi, ila tope lote linakuja kwenye injini na magoti. Kwa madigadi ya chini, mwombe fundi ayainue kwa washa nene. Kwa ya juu, funga kipande cha mpira kwenye ncha ya nyuma kining'inie mbele ya injini. Injini inayopozwa kwa upepo inategemea yale mapezi yake. Yakifunikwa na tope lililokauka, joto halitoki. Usishushe mpira huo mpaka ukaziba upepo wenyewe.

Jambo la mwisho kwa wenye magari linahusu ugonjwa wa kweli. Mnyauko wa bakteria kwenye viazi na nyanya hukaa kwenye udongo, na udongo husafiri kwenye tairi, buti na jembe. Fenda pana inakusanya tope jingi zaidi ndani yake. Kwa hiyo ukitoka kijiji chenye mnyauko, kwangua ndani ya fenda kwa mti na uoshe kabla ya kuingia kijiji kingine, tena mbali na shamba la mtu na mbali na mfereji wa umwagiliaji. Mkulima nawe usione haya kumwambia mnunuzi aegeshe barabarani, mzigo ubebwe kichwani mpaka kwenye gari.

Yule mama alivuna mara tatu zaidi msimu ule. Dereva hakusimama kijitoni tena, isipokuwa siku moja ya mvua kubwa sana, na siku hiyo aliacha hoho zikauke kwenye mkeka kabla ya kupakia. Bei mzee aliipandisha, ingawa haikurudi yote kama zamani, bado wanavutana. Ada ililipwa. Nami nimeombwa na wafanyabiashara wengine wawili wenye kirikuu niwapimie matairi yao Jumamosi, basi mwenye uzi mrefu aje nao.